Walzi ya simu au walzi ya gazeti? Kuchagua kati ya tano za karne ya 19

Vijana wawili wanaofunga ndoa Desemba walinijia na ombi ambalo sijazoea. Bwana harusi ni fundi wa minara ya simu. Bibi harusi husoma taarifa ya habari redioni. Wanataka kufungua muziki ukumbini kwa walzi, dansi ya wawili yenye mapigo matatu, tena ya Vienna, Austria, kwa sababu kijana alikuwa ameambiwa kwamba Johann Strauss mdogo, yule wa Danube ya Buluu, aliwahi kutunga walzi ya telegrafu.

"Mwalimu, hiyo ndiyo yetu," akasema. "Mimi nimo, na mwenzangu yumo."

Nikamwambia atulize roho kwanza. Walzi hiyo si moja, ni mbili, zimepishana miaka kumi. Iko ya tatu yenye jina la magazeti, ambayo imezipita zote mbili kwa umaarufu. Iko ya nne, ya mgeni aliyetoka Paris, iliyopigwa usiku uleule na ukumbi uleule na hiyo ya tatu. Na iko ya tano ambayo haitaji simu wala gazeti, lakini mtu akitaka kuisikia mashine ndani ya muziki wenyewe, aanzie hapo. Niliyowaeleza wale wawili nimeyaandika hapa kwa yeyote mwenye shida kama yao: mwenye harusi, mwenye kikundi cha fidla shuleni, au mtu aliyejikalia nyumbani usiku anatafuta cha kusikiliza.

Shika namba, jina litakupoteza

Za telegrafu ni Telegraphische Depeschen, opus 195 (opus ni namba ya kazi katika orodha ya mtunzi), ya mwaka 1857, na Telegramme, opus 318, ya mwaka 1867. Ya magazeti ni Morgenblätter, yaani Magazeti ya Asubuhi, opus 279, ya mwaka 1864. Mpinzani wake ni Abendblätter, Magazeti ya Jioni, ya Jacques Offenbach, mwaka huohuo. Ya mashine ni Accelerationen, opus 234, ya mwaka 1860. Jina lake maana yake ni kuongezeka kwa mwendo.

Namba ya opus ndiyo itakayokuokoa unapotafuta. Ukiandika Strauss na neno la telegrafu tu, zile mbili zitakuja zimechanganyika, na ile ya kwanza kuna wanaoiandika kwa ph na wanaoiandika kwa f. Ukoo nao ni mkubwa: baba aliitwa Johann, mwanawe Johann, kisha wadogo zake Josef na Eduard, wote watunzi. Eduard alitunga kitu kiitwacho Telephon, na bwana harusi wangu alikiona akakipenda kabla sijamaliza kusema. Hicho ni polka. Polka ina mapigo mawili, walzi ina matatu. Mkiingia uwanjani na hatua za walzi juu ya polka mtakanyagana mbele ya wakwe.

Simu ya 1857 na simu ya 1867

Anza na majina yenyewe, maana yamebeba historia nzima. Sisi tulirahisishiwa kazi: Kiswahili kilichukua neno simu, ambalo kwa asili ya Kiajemi ni waya, kikalitumia kwa telegrafu, kwa ujumbe unaopita ndani yake, na baadaye kwa chombo cha kuongelea. Ndiyo maana kamusi za zamani zinatafsiri kupiga simu kuwa ni kupeleka telegramu. Vienna walikwenda kwa hatua. Mwaka 1857 Strauss alihitaji maneno mawili, "taarifa za kitelegrafu", kwa kuwa neno telegramu lilikuwa bado changa. Lilichomoza kwenye gazeti moja la Marekani mwaka 1852. Miaka kumi baadaye neno moja linatosha, na kila mwenye tiketi ya dansi analijua. Yaweke majina hayo mawili pamoja na utaona kitu kigeni kikigeuka cha kawaida.

Mwaka 1857 Strauss alikuwa katika msimu wake wa pili Pavlovsk, karibu na St Petersburg, akiongoza okestra kwenye ukumbi wa muziki wa stesheni ya reli. Aliyemwajiri alikuwa kampuni ya reli, na hesabu yake haikuwa ngumu: watu wa mjini wakitaka kumsikia Mwaustria huyu, watakata tiketi ya treni. Kwa mtu wa namna hiyo, kazi yake Urusi na nyumbani kwao Vienna, waya haukuwa habari ya kusoma tu. Lakini dunia ya waya ilikuwa bado ndogo. Agosti mwaka huohuo jaribio la kwanza la kulaza waya chini ya Atlantiki lilishindikana, waya ukakatika baharini. Mwaka 1858 ulifika ng'ambo, ukafanya kazi wiki chache, ukanyamaza. Ule uliodumu ulikamilika Julai 1866.

Kwa hiyo Telegramme ya 1867 ilitungwa kwa watu wengine kabisa, hata kama ni walewale. Marekani sasa ilikuwa jirani. Mwaka 1865 nchi 20 zilikuwa zimekaa Paris na kukubaliana masharti ya simu za kimataifa, Austria ikiwa mojawapo. Na katika kiangazi cha 1866 Waaustria walipigwa na Waprusia pale Königgrätz, kwa hiyo waya uliowaletea bei za soko ulishawaletea pia habari za kushindwa.

Huku kwetu waya wa baharini ulifika Zanzibar mwaka 1879 ukitokea Aden. Na hapa niseme la pembeni. Kwa wazee wetu simu ya maandishi haikuwa kitu cha kuchezea dansi. Tarishi wa posta akionekana anaingia uani na kile kikaratasi mkononi, kilio kilianza kabla hakijafunguliwa, kwa sababu nani angelipia kila neno ili kukwambia kwamba hajambo? Nilimwonya kijana: bibi yako akiwepo ukumbini, usimtafsirie jina la walzi hii.

Hilo la kulipia kila neno ndilo linalonichekesha kila nikizifikiria hizi mbili. Telegramu inakata maneno mpaka mfupa. Walzi ya Vienna inafanya kinyume: kuna utangulizi, halafu msururu wa walzi ndogondogo, kwa kawaida tano, kila moja ina sehemu mbili, sehemu zinarudiwa, na mwishoni mkia unaozikumbusha zote. Mtu angepeleka simu kwa mtindo huo angeuza shamba. Basi usizinunue hizi mbili kwa kutegemea milio ya mashine ya Morse kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama mtunzi wa aina hii ana mzaha juu ya jina la wimbo wake, mahali pake ni utangulizi, watu wakiwa bado wanashikana mikono na kutafuta nafasi. Dansi ikishaanza, mwenye amri ni mguu.

Kati ya mbili hizo mimi ningechukua 318. Ni kazi ya mwaka uleule wa Danube ya Buluu, opus 314, na ya Künstlerleben, opus 316; ukizisikiliza hizo jirani zake utaelewa ninachosema juu ya mkono wa Strauss wa mwaka ule. Ya 195 ina kisa kizuri zaidi, na mwenye kupenda visa aichukue. Kasoro yao ni moja: hazipigwi sana. Santuri zake ni chache. Mahali pa uhakika ni ule mkusanyo wa kazi zote za Strauss wa kampuni ya Marco Polo, wa diski 52, ambao kwa sehemu kubwa ulipigwa na okestra ya Košice, Slovakia. Zote mbili zimo.

Asubuhi dhidi ya jioni

Kwenye magazeti ndiko kwenye ushindani wa kweli, kwa sababu waliofika walisikia zote mbili kwa mkupuo mmoja.

Waandishi wa Vienna walikuwa na chama chao, Concordia, kilichoanzishwa mwaka 1859, na kuanzia 1863 wakawa na dansi yao ya kila mwaka. Strauss aliitungia ile ya kwanza walzi iitwayo Leitartikel, yaani tahariri. Ya pili ilikuwa tarehe 12 Januari 1864. Offenbach, mfalme wa operetta (opera nyepesi za kuchekesha) wa Paris, alikuwa mjini akisimamia opera yake mpya, na wakuu wa chama wakaona bahati imewaangukia: wakamwomba naye walzi. Akawapa. Wao wakaipa jina, Magazeti ya Jioni. Strauss alipoleta yake haina jina, wakaibatiza Magazeti ya Asubuhi, ili zikae pamoja kama toleo la kwanza na la pili.

Soma tena hapo: jina halikutoka kwa mtunzi. Anayekwambia kwamba anasikia matbaa, au wino, au watoto wauza magazeti ndani ya Morgenblätter, anasikia kamati ya waandishi. Nilipomweleza bibi harusi hivyo alicheka akasema ofisini kwao pia vichwa vya habari huandikwa na mtu ambaye hakwenda kwenye tukio.

Ukumbi ulikuwa Sofienbad, na jengo hilo linastahili maneno machache. Lilianza mwaka 1838 kama bafu la mvuke. Likaongezewa ukumbi mkubwa wenye bwawa la kuogelea. Kiangazi watu waliogelea, na majira ya baridi bwawa lilifunikwa kwa mbao, wakacheza juu yake. Uwazi ule chini ya sakafu ulifanya sauti ijae vizuri, kama ngoma yenye tumbo. Miaka ya 1950 kampuni ya santuri ya Decca iliufanya ukumbi uleule kuwa studio yake ya Vienna, na rekodi nyingi za Strauss alizopiga Willi Boskovsky na okestra ya Vienna Philharmonic zilichukuliwa humo. Boskovsky ndiye aliyeongoza tamasha la okestra hiyo la Mwaka Mpya kuanzia 1955 hadi 1979, fidla mkononi. Jengo liliungua Agosti 2001, likajengwa upya.

Usiku ule wa 1864 aliyeshangiliwa zaidi alikuwa mgeni. Vienna ilikuwa na kichaa cha Offenbach, na sidhani walimsikiliza kwa haki, walilishangilia jina. Lakini baada ya miezi mambo yaligeuka. Magazeti ya Asubuhi yakaendelea kupigwa bustanini na kwenye kumbi, na hadi leo yamo katika orodha ya walzi kubwa za Strauss. Magazeti ya Jioni leo hutolewa kabatini mtu anapotaka kusimulia kisa hikihiki.

Je, hukumu hiyo ya muda ni sawa? Kwa maoni yangu, ndiyo, ila si kwa sababu ya Offenbach kukosa ufundi. Sauti zake ni nyepesi, za jukwaani, zinamngoja mwimbaji aingie. Strauss anaandika kwa mtu ambaye tayari amemshika mwenzake kiunoni. Utangulizi wa Morgenblätter ni mpole mno kwa wimbo wa shindano; hauna haraka ya kumshinda mtu. Kisha kila walzi ndogo inapokea kutoka kwa mwenzake bila ya wewe kuona mshono. Nimewafundisha vijana kuipiga, na mahali pagumu si kwenye melodia, ambayo kila mtoto anaipenda. Kazi iko kwa fidla za pili na viola (fidla kubwa kidogo, ya sauti nzito), wenye pigo la pili na la tatu tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wa Vienna hulivuta pigo la pili lije mapema kidogo, kama mtu anayejikwaa kwa makusudi. Ukilihesabu sawasawa kwa saa, walzi inakuwa gwaride.

Ile ambayo mashine inasikika

Accelerationen niliipigia debe kwa dakika tano nzima, na nilijua nitashindwa. Strauss aliitunga kwa dansi ya wanafunzi wa uhandisi, Februari 1860, hapohapo Sofienbad. Kuna kisa kwamba aliisahau hadi siku yenyewe, akaiandika usiku nyuma ya karatasi ya orodha ya vyakula; kisa kitamu, mimi sikiamini sana. Lisilo na ubishi ni lililo kwenye noti. Walzi ya kwanza inaanza pole, nzito, kama gurudumu kubwa lililosukumwa kwa bega. Linazunguka mara moja. Mara ya pili ni rahisi kidogo. Kila mzunguko unauazima nguvu unaofuata, na kabla hujajua ni wapi hasa palipobadilika, okestra nzima inakimbia. Huhitaji mtu akwambie jina.

Mwenye kupenda teknolojia na hana mpango wa kucheza, asitafute zaidi. Ni walzi ya injini, haina habari ya mawasiliano, lakini kati ya hizi tano ndiyo ninayoweza kukuapia kwamba jina na muziki ni kitu kimoja. Kwa kikundi cha wanafunzi ni mtego: lazima wote waongeze mwendo kwa pamoja, na huwa kuna mtu wa besi anayefika kwanza. Kwa bwana na bibi harusi ni mtego mbaya zaidi, kwa sababu mwendo unabadilika wakati ndio kwanza mmeanza kuamini miguu yenu.

Miguu haidanganyiki na jina

Walzi nyingi zinazochezwa kwenye harusi zetu ni za polepole, karibu baa 30 kwa dakika, baa moja ikiwa ni mapigo matatu. Walzi ya Vienna katika mashindano ya dansi ni takriban 60. Mara mbili. Wale wawili walikuwa wamejifunza ile ya polepole kwa video, wakadhani hatua ni zilezile. Niliwawekea Morgenblätter kwenye simu ya kijana, sebuleni kwangu, kati ya meza na kabati la vyombo. Zamu ya tatu bibi harusi alikuwa amekalia mkono wa kochi akihema, na hapo hajavaa gauni lenye mkia.

Basi mambo matatu wayaamue kabla ya kuchagua jina. Wataruka utangulizi au la? Mimi nashauri waruke, kwa sababu hauchezeki na wageni hawatajua kwa nini mmesimama. Watacheza kwa muda gani? Morgenblätter nzima inakaribia dakika kumi, hakuna harusi ya kungoja hivyo wakati pilau inapoa; walzi ya kwanza na ya pili zinatosha, kisha MC awaite wazazi. Na la tatu, watapigiwa na watu au na spika? Kwa watu, Morgenblätter ina faida kubwa: imepangwa upya mara nyingi kwa piano na kwa vikundi vidogo, na mpigaji anaweza kupunguza mwendo kidogo bila kuiua. Hizo za telegrafu itabidi uzitafutie noti, na pengine uzipange upya mwenyewe. Strauss alifariki 1899, kwa hiyo haki za utunzi hazimsumbui mtu. Kinachokosekana ni karatasi iliyo tayari.

Kwa anayesikiliza tu, mpangilio wangu ni mwingine: Accelerationen kwanza, kwa kuwa inafungua sikio; kisha Morgenblätter kwa Boskovsky; kisha 318. Abendblätter iwekwe mara moja baada ya Morgenblätter, kwa sauti ileile, na ujiulize ungempigia nani makofi mwaka 1864. Ile ya 1857 iache hadi umeshajua Strauss anavyoanza na anavyomaliza.

Kwa shule: Morgenblätter, na usibishane.

Fundi wa minara hakufurahi. Alitaka simu, akapewa gazeti. Mwenzake ndiye aliyekata shauri: yeye yumo kwenye gazeti, na mume atawekewa Telegramme ya diski wakati wageni wanaingia na kutafuta viti, ambapo hakuna anayehitaji kuhesabu hatua. Nikawaambia sawa. Mazoezi ni Jumamosi saa kumi, kochi litasogezwa, na waje na viatu vya siku yenyewe.